Kilwa ya Ziwa Mweru: Jina Moja, Pwani Mbili, na Ramani Zisizokubaliana

Mtu akisimama katika ufuo wa Nchelenge, mahali mashua zinapopakia abiria na samaki, akasema kuwa anakwenda Kilwa, msikilizaji hajajua bado anakokwenda. Mbele yake ziwani, upande wa magharibi, kiko kisiwa cha Kilwa, nacho ni cha Zambia na kimo katika wilaya ya Nchelenge. Ng'ambo ya kisiwa hicho, katika pwani ya Kongo, uko mji wa Kilwa, wenye serikali nyingine, fedha nyingine na bendera nyingine. Na kama msikilizaji ni mtu wa mwambao wa Bahari ya Hindi, fikira zake zitakwenda kwenye Kilwa ya tatu, iliyoko Tanzania, ambayo nayo imegawanyika kuwa Kisiwani, Kivinje na Masoko.

Mwenyeji wa ziwa haoni taabu, maana kwake neno moja la kuongeza latosha. Taabu ni ya karani, na mchora ramani, na hakimu, na mwandishi wa habari aliye mbali. Mwezi wa Oktoba 2004 jeshi la Kongo liliingia katika mji wa Kilwa kuzima uasi mdogo, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukaonyesha kuwa watu zaidi ya 70 waliuawa. Aliyesoma habari hiyo huku ameshika ramani iliyoandika Kilwa juu ya kisiwa peke yake angedhani kuwa maafa hayo yalitokea katika ardhi ya Zambia. Basi suala la jina lililo sahihi katika ramani si mchezo wa wanazuoni. Ziko nyakati ambapo uhai, uraia na haki ya mtu hutegemea jina hilo.

Yafaa kwanza kulijua ziwa lenyewe. Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita zipatazo 130, na eneo lake lapita kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula, utokao katika ziwa na mabwawa ya Bangweulu, huingia Mweru upande wa kusini kwa mikono mingi, kati ya matete na visiwa. Maji hutoka tena upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto, yakateremka hadi Lualaba, na mwisho yakawa mto Kongo. Pwani ya mashariki ni ya Zambia, nayo ina Nchelenge na Kashikishi, na juu zaidi kaskazini Chiengi, ambayo hata leo wengine huandika Chienge. Wakazi wa kale wa pande hizi ni Washila, Wabwile na wengineo, na kusini yake ndiko alikotawala na anakotawala Mwata Kazembe wa Walunda.

Jina la mahali hupita katika vinywa na mikono mingi kabla ya kutua katika karatasi. Kwanza mwenyeji hulitamka. Mkalimani hulisikia kwa sikio la lugha yake. Msafiri huliandika kwa herufi alizofundishwa kwao, na mpiga chapa aliye London au Lisbon huliweka katika ramani bila ya kuwahi kulisikia. Ndiyo sababu Wareno waliandika Cazembe kwa herufi C, na Kilwa ya pwani wakaiandika Quiloa, ilhali Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, aliandika kwa Kiarabu neno lisomwalo Kulwa. Dakta Livingstone aliandika Moero, na Moero likabaki katika ramani za Wabelgiji na Wafaransa hata leo, wakati Waingereza walihamia Mweru. Pweto yeye aliiandika Mpweto. Nchi ya Wabemba aliiita Lobemba, ambapo Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anaiita Ruemba. Nsama wa Itawa, aliyepigana naye mwaka 1867, katika habari hizo ni Samu.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Watu wa misafara ya pwani walizoea kutia U mbele ya jina la nchi, na kuitoa L wakaiweka R mahali pake, kwa hiyo nchi ya Waluba ikawa Urua. Ramani nyingi za Ulaya za karne ya 19 zimejaa Urua na Urungu na nyinginezo za namna hiyo, na mwenye kuzisoma kwa makini husikia ndani yake sauti ya mkalimani wa Kiswahili, ingawa jina la mkalimani huyo halikuandikwa popote pembeni mwa ramani. Hata watu hawakusalimika. Tippu Tip kwa Livingstone ni Tipo Tipo, na Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani ambaye Livingstone alimkuta kwa Kazembe akiwa amekaa huko miaka mingi bila ya kuruhusiwa kuondoka, Stanley alimwandika Mohammed bin Sali alipomkuta Ujiji miaka michache baadaye.

Tofauti za herufi ni jambo jepesi. Lililo gumu ni pale msafiri anapouliza jina, akajibiwa neno lenye maana nyingine kabisa. Huonyesha maji makubwa kwa kidole akauliza, "Hili laitwaje?" Mwenyeji, asiyejua ziwa jingine lolote, humjibu, "Ziwa." Nyasa maana yake ni ziwa. Nyanza maana yake ni ziwa. Mweru nalo, katika lugha kadhaa za pande hizi, ni neno la kutaja ziwa tu, na ndiyo sababu upande wa mashariki liko jingine liitwalo Mweru wa Ntipa, yaani Mweru wa matope. Anayesema Ziwa Mweru amesema ziwa mara mbili. Watu wa pwani wasicheke, kwani Unguja mjini watu wangali wakienda Darajani, na daraja lenyewe halipo tena tangu mkono wa bahari ulipofukiwa.

Katika nchi ya Kazembe kosa lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilidumu. Dakta Lacerda, mtumishi wa mfalme wa Ureno, alifika huko mwaka 1798, akafa huko huko mwezi wa Oktoba mwaka huo. Wafanyabiashara wawili weusi kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walifika mwaka 1806, na hawakufika Tete hadi mwaka 1811. Monteiro na Gamitto walikuja mwaka 1831. Kila msafara ulirudi na habari za Cazembe, na wachora ramani wa Ulaya wakaweka alama ya mji na kuandika jina hilo. Lakini Kazembe si mji. Ni jina la cheo na kiti, na mwenye kiti alipokufa, mrithi wake alijenga makao mapya mahali pengine. Kwa hiyo mji wa Lacerda sio mji wa Gamitto, na wala si ule ambao Livingstone aliuingia mwezi wa Novemba 1867, kando ya ziwa dogo la Mofwe. Ramani zilipopingana juu ya mahali pa Cazembe, mabwana wa Ulaya walishutumiana kwa kupima vibaya, na pengine wote walikuwa wamepima vema. Leo makao ya Mwata yako Mwansabombwe, na watu wengi wasio wa huko hupaita Kazembe tu, kama walivyofanya Wareno.

Mabishano hayo yalikuwa na gharama, na aliyeilipa kwa miguu yake ni Livingstone. Ramani ya Kireno aliyoitegemea iliuonyesha mto Chambeshi kama tawi la mashariki la Zambezi, kwa kuwa masikio ya Ulaya hayakuweza kutenganisha Chambeshi na Zambezi. Livingstone aliuvuka mto huo mwezi wa Januari 1867, akaamini kuwa ni maji yale yale ya Zambezi anayoyajua, hivyo hakuona haja ya kuyafuata. Kumbe maji hayo yanakwenda Bangweulu, na kutoka Bangweulu yanashika Luapula hadi Mweru. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kuwa kosa lile lilimpotezea miezi 22. Katika muda huo aliugua, dawa zake ziliibwa na mtoro, na alingoja zaidi ya miezi mitatu vita vya Nsama vitulie, ndipo akafuatana na watu wa pwani mpaka ukingo wa Mweru, tarehe 8 Novemba 1867. Ziwa Bangweulu hakuliona mpaka Julai 1868. Mtu mmoja, ambaye labda hakuwahi kuuona mto wenyewe, alifananisha sauti mbili, na mtu mwingine akatembea karibu miaka miwili katika kosa lake.

Lililo jema ni kuwa watu waliotembea na Livingstone walipata kusahihisha. Yeye alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, na Susi na Chuma pamoja na wenzao wakauchukua mwili wake hadi pwani. Mwaka 1874 wawili hao walikwenda Uingereza wakamsaidia Horace Waller kuyatengeneza madaftari ya marehemu yapate kupigwa chapa, maana wao walikuwapo majina yalipotamkwa. Haikuwa kawaida ya zama zile kumwuliza Mwafrika juu ya ramani ya Afrika.

Sasa turudi kwenye Kilwa ya ziwani. Yako maelezo yapendezayo juu ya asili ya jina hilo, nayo ni kwamba watu wa misafara, walipofika Mweru na kukiona kisiwa, wakakumbuka Kilwa yao ya pwani wakakipa jina lake. Maelezo hayo humfurahisha kila mwenye asili ya mwambao, na hayakosi jambo la kuyaunga mkono. Pembe za Kazembe zilipita mikononi mwa Wabisa na Wayao zikafika Kilwa tangu karne ya 18, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kwa Kazembe alipokwenda Gamitto. Katika miaka ya 1880 kisiwa hicho chenyewe kilishikwa na mfanyabiashara mwenye bunduki aliyejulikana kwa jina la Simba, ambaye Wazungu wengine walimwandika Shimba. Biashara yake ilikuwa ya pembe, na ilikuwa ya watumwa pia. Habari za wazee wa misafara haziandikwi kwa haki ikiwa neno hilo la pili litafichwa, kwa sababu waliouzwa walikuwa watu wa pwani hizi hizi za Mweru, na wajukuu wa ndugu zao wangalipo.

Lakini maelezo hayo, yakipimwa, hayasimami. Livingstone, akiorodhesha visiwa vya ziwa hili, alikiandika kisiwa hicho Kirwa, miaka mingi kabla ya Simba kujenga huko. Tena neno lenyewe ni neno la Kibantu lililoenea mbali sana. Katika Kinyarwanda na Kirundi kisiwa huitwa ikirwa. Katika Malawi liko ziwa Chilwa, ambalo Livingstone huyo huyo alilifikia mwaka 1859 akaliandika Shirwa, na jina lake latokana na neno la kutaja kisiwa. Kirwa, Chilwa, Kilwa: ni neno moja lililovaa nguo tatu, ki ikigeuka chi kwa wengine, na l ikigeuka r. Hata Kilwa ya pwani ilijengwa juu ya kisiwa, na anayesema Kilwa Kisiwani huenda anasema kisiwa cha kisiwani. Na katika Bangweulu, nchi ambayo haikupata sultani wa Kilwa, kiko kisiwa kiitwacho Chishi, kwani kwa Kibemba kisiwa ni icishi.

Lililo karibu zaidi na akili, basi, ni kuwa wenyeji wa Mweru walikiita kisiwa chao kisiwa, na mgeni wa pwani alipolisikia neno hilo alilitambua kama mtu anayekutana na ndugu yake ugenini. Hakulileta yeye. Pengine matamshi yake yalisaidia herufi K isitoweke na L isigeuke R katika ramani zilizofuata, na hiyo si sehemu ndogo, ila si kuzaa jina. Mji wa pwani ya Kongo unakitazama kisiwa hicho, na si ajabu jina likavuka maji likakaa na pande zote mbili.

Kuvuka huko kwa jina kungekuwa jambo dogo lau kama wakubwa wa Ulaya wasingaliligeuza kuwa mpaka. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold, mwenye Dola Huru ya Kongo, walitia saini mapatano. Walioyatia saini walikuwa Brussels. Mpaka, kwa mujibu wa mapatano hayo, ulikuwa utoke katika rasi ya Akalunga kwenye Ziwa Tanganyika, uende kwa mstari ulionyoka mpaka ukingo wa kulia wa mto Luapula pale unapotoka katika Ziwa Moero, kisha uende moja kwa moja mpaka pale mto unapoingia ziwani, isipokuwa upindwe kusini mwa ziwa ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Uingereza. Kutoka hapo ufuate mkondo wa Luapula hadi Bangweulu.

Msomaji aliye na ramani ya leo na ayatazame maneno hayo. Luapula hautoki katika Mweru, Luapula unaingia. Mto utokao Mweru ramani za leo huuita Luvua, na wengine huandika Luvwa. Livingstone aliambiwa kuwa mto huo utokao ni Lualaba, na hivyo ndivyo alivyoandika. Mapatano ya 1894 yauita Luapula. Maji ni yale yale, mahali ni pale pale, na majina ni matatu, kila moja likiwa na hati ya heshima ya kulithibitisha. Mtu anayependa ubishi angeweza kusema kuwa mapatano yanataja mahali pasipokuwapo duniani, kwa hiyo sehemu hiyo ya mpaka ni batili. Hakuna serikali iliyothubutu kusema hivyo, kwa kuwa makusudio yalikuwa dhahiri: ziwa lina mlango mmoja wa kutokea. Hapo jina lilikosewa na maana ikasalimika.

Kwa upande wa mlango wa kuingilia, jina lilikuwa sahihi na maana ndiyo iliyopotea. Luapula ni Luapula kweli, lakini mto huo unaingia ziwani kwa mikono mingi katika mabwawa mapana, na matete na mchanga hubadilika kwa mvua za kila mwaka. Mkono upi ndio mto? Kisiwa cha Chisenga, kilichomo katika maji hayo, ni cha Zambia na kimo katika wilaya ya Nchelenge, na maisha ya wavuvi wake hayajawahi kufuata mstari uliochorwa Brussels. Mtego uliowekwa jioni katika ardhi ya nchi moja waweza kuvutwa asubuhi na mkondo hadi maji ya nchi nyingine, na mwenye mtego ataufuata.

Ama kuhusu kisiwa cha Kilwa, jina ndilo lililofanya kazi yote. Kisiwa kiko karibu zaidi na pwani ya Kongo kuliko Nchelenge. Mstari ulionyoka kutoka mlango wa kutokea hadi mlango wa kuingilia ungalikiacha upande wa Leopold. Kilipinduliwa upande wa pili na neno moja lililoandikwa katika hati, na kwa sababu ya neno hilo watoto wazaliwao huko ni Wazambia, husoma katika shule za Zambia, na wagonjwa wake huvuka maji marefu kuelekea mashariki ingawa pwani iliyo karibu iko magharibi. Lau mwandishi wa hati angaliandika jina bila ya kutanguliza neno kisiwa, kungalikuwa na Kilwa mbili za kugombaniwa. Neno kisiwa, ambalo kwa maana ya asili lilikuwa limekwisha kusemwa ndani ya Kilwa, ndilo lililozuia ugomvi.

Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilitembea mpakani kati ya mwaka 1911 na 1914 kuweka alama. Sehemu ya nchi kavu, kati ya Tanganyika na Mweru, ndiyo iliyoleta maneno mengi, kwa sababu mstari ulionyoka katika karatasi haukulingana na alama zilizowekwa ardhini. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 na Kongo mwaka 1960, na kila moja ilirithi ramani za mtawala wake. Serikali mbili zilitia saini mkataba mwingine juu ya sehemu hiyo mwezi wa Septemba 1989. Hata hivyo mwaka 2020 mzozo ulizuka tena huko, na Jumuiya ya SADC ikaingia kusuluhisha.

Majina yaliyoletwa na wakoloni yalikuwa rahisi zaidi kuyaamua. Fort Rosebery ikawa Mansa, Abercorn ikawa Mbala, Johnston Falls ikawa Mambilima, na ng'ambo ya pili Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Hapo kila mtu alijua jina lipi ni la mgeni. Shida hubaki kwa majina ambayo pande zote mbili ni ya wenyeji, kama Mweru na Moero, au Luvua na Luapula. Hapo si haki kusema kuwa ramani ya zamani zaidi ndiyo ya kweli, kwa sababu ramani ya Kireno ilikuwa ya zamani kuliko ya Livingstone na ndiyo iliyompoteza. Wala si haki kusema kuwa mpya ndiyo ya kweli, maana ramani nyingi mpya, pamoja na zile zinazotazamwa siku hizi katika simu, hunakili zilizotangulia, na ramani tano zilizonakili kosa moja ni shahidi mmoja tu. Shahidi aliye bora ni mkazi anayelitumia jina, naye aulizwe pia analitumia kwa kitu gani: ni kwa mji, au kwa kiti cha mfalme, au kwa maji yanayoingia, au kwa yanayotoka. Aliyemwuliza mkazi jina bila ya kumwuliza kitu alirudi na Cazembe akidhani kuwa ni mji.

Na pale ambapo wakazi wa pande mbili wana majina mawili, ramani iliyo ya kweli ni ile inayoyaandika yote mawili, hata kama herufi zitasongamana na mpiga chapa akanung'unika.

Mwezi wa Januari 2018, katika wilaya ya Nchelenge, yalifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, kwa ajili ya watu waliokimbia vita katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika ya Kongo. Jina hilo lafanana sana na Mandapala, mto ambao Livingstone aliutaja katika safari zake za pande hizi miaka 150 kabla yake. Wengi waliofika hapo huzungumza Kiswahili, kile cha Katanga, na katika karatasi za kuandikishwa kuna nafasi ya kujaza mahali pa kuzaliwa. Mtu akijibu Kilwa, karani hawezi kuandika mpaka amwulize: ni ile ya Kongo, au ni kisiwani? Jibu la kwanza humfanya mkimbizi mwenye haki ya kupokewa. La pili humfanya mtu wa Nchelenge, aliye kwao.